Kwotabeki wa chuo kwenda NFL: haya mnayoniambia kila Jumamosi sio kweli

Jumamosi iliyopita nimeambiwa tena. Baba mmoja, mtu mzima na heshima zake, kapaki gari pembeni ya uwanja tunaofanyia mazoezi hapa Houston, kaja na simu mkononi kunionyesha namba za mwanae, kwotabeki aliyemaliza mwaka wa pili chuoni, karusha yadi ngapi, tachidauni ngapi (pasi zilizofika mwisho wa uwanja zikaleta alama), afu akanambia, "Kocha, kwa namba hizi si NFL tayari?" Nikamwambia shikamoo mzee wangu, hapana.

Mi kazi yangu ni kufundisha makwotabeki, wale wanaoongoza timu na kurusha pasi kwenye futiboli ya Marekani, na familia nyingi zinazoniletea vijana ni za kwetu, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, na hilo swali nimelisikia mpaka limenichosha. Mtu anadhani akitamba chuoni basi kazi imeisha, imebaki kusubiri simu siku ya drafti, pale timu za NFL, ligi ya kulipwa, zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu. Sasa leo naandika mara moja, akiniuliza mwingine namtumia hii.

Angalia Texas Tech hapo Lubbock. Graham Harrell alicheza pale mpaka 2008, akarusha yadi 15,793 na tachidauni 134. Patrick Mahomes, ambaye baadaye akawa nyota mkubwa wa NFL, akapita shule hiyohiyo, akaondoka na yadi 11,252 na tachidauni 93. Kwa hesabu ya simu ya yule baba Harrell ndo alipaswa kuwa Mahomes, si ndiyo? Harrell drafti ya 2009 ilipita raundi zote 7 hakuitwa, na NFL hakuwahi kuanza mechi hata moja. Mahomes 2017 alichukuliwa wa 10, na huyo msijidanganye kwamba namba zake ndo zilimbeba, maana mwaka wake wa mwisho chuoni alirusha yadi zaidi ya 5,000 na timu ikashinda mechi 5 ikapoteza 7. Kuna mechi alirusha yadi 734 dhidi ya Oklahoma na bado wakafungwa, 66 kwa 59. Na hapahapa kwetu Houston, Case Keenum alimaliza chuo na yadi 19,217, hakuna aliyewahi kufika hapo kabla yake, drafti ya 2012 jina lake halikutajwa. Akaja kujitengenezea kazi ndefu NFL, ndiyo, lakini alianzia mlango wa nyuma. Hata tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, Jason White wa Oklahoma aliibeba 2003 na drafti ilipofika hakuna timu iliyomtaka.

Kwa nini? Hapa ndo nataka mtu atulie asome, kwa sababu watu wanadhani NFL ni mchezo uleule ila wachezaji wana nguvu zaidi. Kazi yenyewe ni nyingine.

Chuoni kwenye ofensi nyingi, yaani upande wenye mpira, kocha ndo anayeona. Timu inajipanga, difensi, wale wanaozuia, inajipanga, afu vijana wote 11 wanageuza shingo kuangalia pembeni ambako watu wameinua mabango yenye picha na wanapiga ishara za mikono, kocha ameshaisoma difensi, anabadilisha mbinu, kijana anapokea jibu tayari. Redio ya ndani ya helmeti vyuo vikubwa wameipata 2024 tu, NFL wanayo tangu 1994, na kule NFL kocha anakutajia mbinu, saa ya kuanzisha mbinu ikibaki sekunde 15 redio inakatika. Hapo umebaki na macho yako. Wewe ndo unawapanga wenzako, unaona mlinzi wa nyuma kasogea hatua mbili, unaamua hii mbinu inafaa au nibadilishe, na watu wa kilo 130 wanakungoja.

Kuna sheria pia ambazo mzazi akiwa jukwaani hazioni. Chuoni wale wa laini ya mbele wanaruhusiwa kusonga mpaka yadi 3 kabla pasi haijarushwa, NFL ni yadi 1 tu. Utasema yadi 2 ni nini, lakini ni hizo zinazomdanganya mlinzi, anaona laini inamjia anaamini mpira unakimbizwa, anaruka mbele, nyuma yake panabaki peupe na kijana anatupia hapohapo peupe. Ukichukua hiyo mbinu ukaipeleka NFL vilevile ilivyo, bendera ya njano inarushwa, timu inaadhibiwa.

Halafu ile mistari midogo ya katikati inayosema mpira uwekwe wapi. Uwanja wote una upana wa futi 160. Chuoni mistari hiyo imeachana futi 40, kwa hiyo mpira ukiwekwa kwenye mstari mmoja, upande huu zinabaki futi 60 na ule 100, difensi lazima ijinyooshe kama nguo kwenye kamba, mashimo yanajitokeza yenyewe. NFL imeachana futi 18 na inchi 6 tu, upande mmoja kama 71 mwingine kama 89, difensi inakaa sawa pande zote mbili, shimo unalitafuta na ukilikuta linakaa wazi muda wa kupepesa jicho. Na anayelilinda ni mtu aliyechujwa kutoka vyuo zaidi ya 130 vya daraja la juu kwenda timu 32. Risiva wako, yule wa kudaka pasi, chuoni akiwa amemwacha mlinzi hatua tatu unasema yuko wazi. Kule akimwacha nusu hatua huyo ndo yuko wazi, rusha.

Nina kijana mmoja, jina lake naliacha, mkono wake ni zawadi ya Mungu, anasimama yadi 60 mpira unashuka kifuani kwa mtu bila kutetemeka. Nikampanga na wenzake kwenye duara, nikamsomea mbinu mara moja tu kama inavyosomwa redioni: mpangilio, nani ahame kabla mpira haujaanza, laini ilinde vipi, risiva wa kwanza apite wapi na wa pili wapi, neno la kugeuzia kama difensi imekaa vingine, na hesabu ya kuanzia. Maneno 14. Nikamwambia haya, waambie wenzako. Akatamka manne. Akanyamaza, akalamba midomo, afu akageuza shingo kuangalia pembeni ya uwanja, pale ambapo chuoni kwao husimama mtu wa bango, na pale palikuwa na ndoo ya maji tu na mabegi yao. Siku ile hakurusha mpira tena, tulikaa chini kwenye nyasi tukaanza kusoma.

Mahomes mwenyewe aliyeanza kusoma hivyo alikaa benchi mwaka mzima wa 2017 nyuma ya Alex Smith, akapewa mechi moja tu ya mwisho kule Denver. Mwaka uliofuata tachidauni 50 na tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Na Josh Allen, wa chuo cha Wyoming, pasi zake chuoni zilizofika zilikuwa asilimia 56 tu, watu wakamcheka alipochukuliwa wa 7 mwaka 2018, na 2024 akawa mchezaji bora wa ligi. Yaani namba zinadanganya kotekote, juu na chini.

Hayo mengine mnayoniambia nayajibu haraka.

"Mkono wenye nguvu ndo kila kitu." JaMarcus Russell wa chuo cha LSU alikuwa na mkono ambao maskauti, wale watafuta vipaji, walibaki midomo wazi, akachukuliwa wa kwanza kabisa 2007, baada ya msimu wa 2009 hakucheza tena NFL. Mkono ni nauli ya kupandia basi, hauliendeshi.

"Mfupi hawezi." Drew Brees ana futi 6 kamili, kacheza misimu 20 na ana ubingwa. Russell Wilson na Kyler Murray ni wafupi kuliko yeye. Kwa mfupi namfundisha miguu, atafute upenyo wa kuonea kati ya watu wa laini yake ya mbele, basi, tusipoteze muda hapa.

"Asipochukuliwa raundi ya kwanza kaisha." Tom Brady, gwiji wa makwotabeki, alikuwa wa 199. Brock Purdy wa Iowa State alikuwa wa 262 mwaka 2022, wa mwisho kabisa kwenye drafti nzima, na Februari 2024 alianza fainali ya Super Bowl. Kurt Warner hakuchukuliwa kabisa, alipanga bidhaa kwenye shelfu za supamaketi usiku, akaja kuwa mchezaji bora wa ligi 1999.

"Akihama chuo ameshindwa." Hili linanikera kwa sababu limewabana vijana wangu wawili mahali ambapo hawachezi, eti baba anaona aibu kwa majirani. Joe Burrow alikaa Ohio State miaka mitatu bila kupewa timu, akahamia LSU, 2019 akarusha tachidauni 60, ubingwa juu, drafti wa kwanza. Jalen Hurts alitolewa wakati wa mapumziko ya fainali ya vyuo akiwa Alabama, dunia nzima inaangalia, baadaye akahamia Oklahoma, na Februari 2025 alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl. Kwotabeki anajifunza akicheza. Akikaa miaka miwili bila kuanza mechi, ongea naye vizuri, mtafute pengine.

"Kijana mweusi watambadilisha nafasi." Hapa simlaumu mzazi, kwa sababu ilikuwa kweli kwa muda mrefu na iliumiza watu. Warren Moon alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Januari 1978, drafti ya mwaka huo hakuitwa, akaenda Kanada kucheza Edmonton, akachukua makombe matano, ndipo Houston hapahapa wakamleta 1984 na leo yumo kwenye ukumbi wa magwiji. Hata 2018 walikuwepo waliosema Lamar Jackson ahamie urisiva, mtu aliyebeba Heisman kama kwotabeki! Amekuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili. Februari 2023 makwotabeki wote wawili walioanza Super Bowl walikuwa weusi, kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kocha akikwambia mwanao ana mbio sana ahamie urisiva, muulize ameona nini kwenye kusoma difensi, akikosa jibu usikubali.

"Akiingia tu ni mamilioni, tutafute wakala mkali." Mikataba ya wapya imewekewa viwango tangu 2011, nafasi uliyochukuliwa ndo inaamua. Sam Bradford, wa kwanza 2010, alipata mkataba wa dola milioni 78 kwa miaka 6. Cam Newton, wa kwanza 2011, milioni 22 kwa miaka 4. Wakala hakubadilisha hilo.

"Likizo ni ya kurusha mipira." Mipira 300 kwa siku, bega linachoka, kichwa kipo palepale. Mi nawapa kadi, mbinu 20 kwa wiki, zitamkwe kwa sauti, mtu mwingine ameshika kadi anafuatilia neno kwa neno. Yule kijana wa maneno 14 anashikiwa na mama yake jikoni, mama hajui mchezo hata kidogo, anapika ugali huku kadi iko mkono wa kushoto, kijana akiruka neno moja mama anamwambia, "Hapana, rudia, hapo katikati umesahau." Juzi kanitumia voice note, mbinu ya maneno 17, kaitamka yote kwa pumzi moja.