Baiskeli ya Mianzi: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Kwa watu wa Mbale, mwanzi ni malewa kwanza, yaani chakula. Kwingine Uganda ni uzio na banda la kuku. Ukitaja fremu ya baiskeli ya mianzi, swali la kwanza ni itavunjika lini. Swali ni la haki, ila wengi hutafuta hatari mahali isipokuwepo.

"Mwanzi utakatikia katikati kwenye murram."

Mwanzi uliokomaa, wa miaka 3 hadi 5, wenye ukuta wa milimita 4 au zaidi, humbeba mtu na mzigo wake. Fremu ikifa, mara nyingi hufia kwenye kiungo, au mwanzi hupasuka kwa urefu kwa sababu uliungwa ukiwa bado na maji. Barabara hulaumiwa kwa kosa lililofanyika miezi mingi nyuma. Bomba la mwanzi linaloshuka kutoka kichwani, chini ya usukani, hadi kwenye krenki inayozungushwa na pedali, liwe na kipenyo cha milimita 40 hivi, la juu 35, na vijiti vya nyuma 18 hadi 25. Usidanganywe na mwanzi wa mwaka mmoja, mnene na wa kijani unaong'aa: ukikauka hunywea. Uliokomaa huwa umefifia rangi, una mabaka ya kuvu kwenye ganda, na ukiugonga hulia kama ubao mkavu.

"Uanike juani wiki mbili, umekauka."

Hapa ndipo fremu nyingi huharibikia. Jua kali hukausha ganda kabla ya nyama ya ndani. Nje kunajikaza, ndani bado kumejaa maji, na ufa unakimbia kutoka fundo hadi fundo. Kwanza toboa mafundo yote kwa ndani ukitumia nondo ya milimita 8. Loweka wiki moja au mbili kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, nusu kilo ya mchanganyiko kwa lita 10. Usipofanya hivyo fukusi watafuata wanga uliomo, na utakuta unga laini sakafuni chini ya baiskeli. Kisha simamisha mianzi kivulini penye upepo. Karibu na Ziwa Victoria hewa yenyewe ina unyevu, kwa hiyo kuhesabu siku hakusaidii. Pima vipande vitatu kila wiki na uandike uzito juu ya ganda lenyewe. Uzito usipobadilika wiki tatu mfululizo, anza kukata. Miezi mitatu si mingi kwa kazi hii.

"Ukizidisha hadena, gundi inashika upesi."

Epoksi, gundi ya kuungia fremu hii, haikauki kama rangi. Ni vitu viwili, risini na hadena (kigandishi chake), vinavyofungana kwa uwiano. Hadena iliyozidi hukosa wa kufungana naye, na kiungo hubaki laini, kikilegea zaidi siku ya joto. Pima kwa mizani ya gramu kama kopo linavyoagiza, tena kidogo kidogo, gramu 100 kwa mara moja, maana kikombe kikubwa hujipasha moto na kuganda mkononi. Risini ya polyesta ya kuzibia bodi za magari iache huko huko, mwanzi haiushiki vizuri.

Kiungo chenyewe kinataka subira. Mdomo wa bomba uchongwe kwa tupa hadi ukae kwenye mwenzake bila mwanga kupenya. Ganda linalong'aa lina nta na silika, gundi hainati hapo; liparuze kwa msasa namba 80, sentimita 6 hadi 8 kila upande, mpaka nyuzi zionekane. Zungusha katani iliyolowa epoksi kwa mishazari inayopishana, siyo duara tupu, kwa sababu kiungo husokotwa na pia huvutwa. Juu yake kaza vipande vya tyubu kuukuu vilivyotobolewa kwa sindano. Gundi ya ziada itatoka matunduni kama jasho, pamoja na hewa. Ukipenda sura ya lubugo, kitambaa cha gome la mti, ifanye tabaka la mwisho, la kuonekana. Nyuzi ndefu zilizonyooka zibebe mzigo chini yake. Kipe kiungo siku 7 kabla ya kuendesha.

"Ikipinda kidogo tutainyoosha."

Fremu ya chuma hunyooshwa. Ya mianzi ikishashika imeshika. Kabla ya kufunga viungo, pitisha uzi kutoka mguu mmoja wa nyuma, panapofungwa ekseli ya gurudumu, uzunguke kichwa, urudi mguu wa pili. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Tofauti ikizidi milimita 2, usipake gundi.

"Tairi ya 28 ni 28 tu."

Rimu ya baiskeli ya kubebea mizigo iliyoandikwa 28 x 1½ ina kipenyo cha milimita 635 tairi linapokaa. Ile ya 700C, ambayo nayo huitwa 28, ina 622. Tofauti ni 13, kwa hiyo kiatu cha breki husogea milimita 6.5 na huenda kikagusa tairi badala ya rimu. Chagua rimu kabla ya kutoboa tundu la breki.

"Kinachokataa kukaza kinataka nguvu zaidi."

Kwenye krenki yenye nyuzi za skrubu za Kiingereza, kikombe cha beringi cha upande wa cheni hukazwa kinyume, kuelekea kushoto. Pedali ya kushoto pia. Ukilazimisha utaharibu nyuzi, na bomba la krenki likishafungwa ndani ya katani na epoksi halitoki bila kukata kiungo chote.