Mafumbo ya chesi: alichocheza grandimasta si lazima kiwe jibu

Dhana: Hatua iliyochezwa na grandimasta (mchezaji wa daraja la juu kabisa) ndiyo sahihi.

Hii ndiyo sugu kuliko zote, na mchezo unaoivunja ni ule ule unaotolewa fumbo (hali ya ubaoni ambayo utafute hatua bora) kila mahali: grandimasta Kasparov dhidi ya mwenzake Topalov, Wijk aan Zee, Uholanzi, 1999. Katika hatua ya 24 Kasparov, akicheza Nyeupe, alikula askari wa d4 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao) kwa ngome, akiitoa kafara. Topalov akaila ngome hiyo, na mfalme wake akakimbizwa ubao mzima hadi mstari wa nyuma wa Nyeupe. Mchezo mtamu kweli. Lakini Topalov hakulazimika kuila. Angesogeza mfalme b6, Nyeusi ingebaki salama. Hata baada ya kafara kupokelewa, hatua ya 28 ya Kasparov, malkia c3, haikuwa kali kuliko zote. Ngome a7 ilikuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo anayejibu "ngome d4, Nyeupe inashinda" amepata alama kwa ushindi ambao haukuwepo bado. Swali la haki lingeanzia pale Nyeusi inapokwisha kula ngome.

Dhana: Tafuta sheki (hatua inayomtishia mfalme) kwanza, kisha kete ya kula, na jibu litajitokeza.

Kwa anayeanza, ushauri huu unafaa. Ila mwulize Topalov tena (maskini, mafumbo mengi mazuri yamempitia mgongoni). Linares, 1998, Shirov akiwa na Nyeusi, wamebaki na wafalme, askari na askofu mmoja kila upande, Shirov alimweka askofu wake h3 aliwe na askari. Si sheki, wala hakula chochote. Alikuwa ananunua muda ili mfalme wake afike e4 kabla ya mfalme wa Topalov kuziba njia, na akashinda.

Dhana: Grandimasta huona hatua kumi na tano mbele.

Mara chache. Mwanasaikolojia Mholanzi Adriaan de Groot, katika utafiti aliouchapisha 1946, aligundua kuwa mabingwa hawakupiga hesabu mbali sana kuliko wachezaji wa chini yao. Walichowazidi ni kutambua upesi mipangilio ya kete.

Dhana: Ukizoea mafumbo, mchezoni hutakosa kitu.

Bonn, Novemba 2006, Kramnik, bingwa wa dunia, alimsogeza malkia e3 dhidi ya programu ya kompyuta ya Deep Fritz na kupigwa mati (mfalme anashambuliwa bila pa kukimbilia) ya hatua moja. Lingekuwa fumbo, angeliona usingizini. Tatizo ni kwamba fumbo limekwisha kukunong'oneza kuwa kuna kitu hapo. Mchezoni hakuna wa kukunong'oneza. Ndiyo maana napenda kuuanza mchezo wa grandimasta hatua tano au sita kabla ya ile maarufu, nikikisia kila hatua kwa zamu, nyingi zikiwa za kawaida kabisa.