Potasiamu Inayoshuka Marikiti kwa Lori

Kwa kuwa kazi yangu hapa Nairobi ni kuchunguza udongo, mara kwa mara huulizwa iwapo mashamba madogo ya miinuko ya Murang'a yatadumu. Anayeuliza huwa ameshayaona mashamba ya nusu ekari mteremkoni, akahitimisha kuwa tatizo ni mmomonyoko. Ni tatizo kweli. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka bwawa la Ndakaini, huko huko Murang'a, na ndiyo maana tangu mwaka 2015 upo Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, unaowasaidia wakulima kuchimba matuta na kupanda nyasi za nepia ili tope lisifike mitoni. Lakini matuta huzuia udongo tu. Rutuba iliyomo ndani ya mazao huondoka ikiwa imebebwa.

Chukua ndizi. Tani moja hubeba zaidi ya kilo 3 za potasiamu, kirutubisho ambacho mgomba hukihitaji sana, na mikungu ikishashushwa Marikiti, soko kubwa la Nairobi, potasiamu hiyo huishia vyooni na kwenye jaa la Dandora. Mkulima naye mara nyingi hurudisha DAP, mbolea ya dukani ya kupandia. Mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti, lakini hauna potasiamu hata chembe, na ukitumiwa msimu baada ya msimu huzidisha asidi katika udongo mwekundu ambao tayari unayo. Dalili za upungufu wa potasiamu huanzia majani ya chini ya mgomba: hugeuka manjano ya kukolea kuanzia ncha na kingo, kisha hukauka na kujikunja, na wengi hudhani ni kiangazi.

Jibu ninalolisikia sana ni samadi. Sina ugomvi nalo, ila ng'ombe wa zizini hatengenezi potasiamu. Huihamisha tu kutoka kwenye nepia aliyokatiwa, na nyingi hutoka na mkojo wala si kinyesi. Zizi la sakafu ya udongo basi hukinywa kile kile kinachohitajiwa na mgomba, ilhali sakafu ya saruji yenye mfereji unaoelekea kwenye shimo la majani makavu hukiokoa. Lundo nalo lifunikwe, kwa sababu mvua hulisafisha, na ile harufu inayochoma pua ni naitrojeni inayotoroka kama gesi ya amonia. Jivu la jikoni lina potasiamu na hupunguza asidi, lakini lisichanganywe na samadi mbichi, kwani huharakisha amonia kupotea. Limwagwe shambani moja kwa moja.

Hata mkojo wote ukiokolewa, pengo la kilichouzwa hubaki. Wapo wanaopendekeza malori yarudi na mboji ya takataka za sokoni. Ningefurahi kuona hivyo, ila mboji ina maji mengi, na kuyalipia maji nauli ya kupanda mlima ni hasara. Anayeuza ndizi ni afadhali anunue mbolea kidogo yenye potasiamu badala ya mfuko wa pili wa DAP, baada ya kupimiwa udongo, kwa mfano katika maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, Kabete. Sampuli za shamba la karibu na nyumba zisichanganywe na za shamba la mbali: samadi huishia karibu, kwa hiyo wastani wa mashamba hayo mawili hauelezi hali ya lolote kati yake.