Resolute hadi Grise Fiord: ramani inasema moja, mafuta yanasema lingine

Kazi yangu ni kupanga njia za ndege, na watu wengi wanaoniuliza umbali wa mahali fulani huwa wameshaweka rula kwenye ramani ya ukutani. Kwa vijiji viwili vya Wainuiti huko Nunavut, Kanada, yaani Resolute na Grise Fiord, rula hiyo itakudanganya mchana kweupe. Ramani ya Mercator, ile bapa iliyozoeleka ukutani, hurefusha umbali wa maeneo ya digrii 75 kaskazini takriban mara nne. Ukipima kwa kipimo cha ikweta utapata zaidi ya kilomita 1,500. Ndege inaruka kama 385 tu.

Chanzo ni longitudo. Kwenye ikweta digrii moja ya longitudo ni kilomita 111. Kule juu imebaki kama 28, maana mistari yote inakimbilia kukutana kwenye ncha. Ndiyo maana ukifuata njia fupi kuliko zote, unaondoka Resolute ukielekea digrii 55 kutoka kaskazini na kufika Grise Fiord ukielekea digrii 66, ilhali hukukata kona popote. Sijawahi kuichoka hesabu hii. Dira ya sumaku nayo haitegemeki, kwa kuwa nguvu ya sumaku ya dunia huko huvuta kuelekea chini kuliko pembeni. Marubani hutumia kaskazini halisi, na njia ya kurukia ya Resolute imepewa namba 17T/35T, yaani mielekeo yake kwa makumi ya digrii. Hiyo T (true, yaani halisi) ndiyo inayokujulisha kwamba hesabu si ya sumaku.

Lakini 385 si namba ninayoipangia mafuta. Uwanja wa Grise Fiord ni kipande cha changarawe cha mita 500 na ushee, kimebanwa kati ya milima na bahari. Ndege kubwa haziwezi kutua, kwa hiyo kazi hufanywa na Twin Otter, ndege ya pangaboi mbili inayochukua kama saa moja na nusu. Upepo ukishuka vibaya kutoka milimani, rubani hana pa kujishikiza: Resolute iko kilomita hizo hizo 385, na Arctic Bay, upande wa kusini, iko mbali karibu sawa. Basi ni lazima abebe mafuta ya kwenda na kurudi, kama kilomita 770, pamoja na akiba.

Na kila kilo ya mafuta inakula nafasi ya abiria au mzigo. Kijiji cha watu 144, kwa sensa ya 2021, hakina barabara ya kutoka, na meli huweza kufika majira ya kiangazi tu. Serikali ya Kanada ndiyo iliyowahamishia watu huko mwaka 1953, wengi wao wakitoka Inukjuak, Quebec, ikaja kuomba radhi mwaka 2010. Kwa hiyo wakati wa baridi, hali ya hewa ya Grise Fiord ikiwa ya mashaka, kitu cha kwanza kupunguzwa ndani ya Twin Otter ni maboksi ya vyakula.