Ajali Imefunga Upande Mmoja, Wewe Usifunge wa Pili

Kila sikukuu zinapokaribia, malalamiko yanayotufikia sisi polisi wa trafiki kuhusu barabara ya Kampala hadi Jinja, hapa Uganda, ni yale yale. Watu wamelala njiani, msitu wa Mabira. Basi la Mbale limekwama Lugazi tangu magharibi. Polisi wako wapi, brekdauni, yaani gari la kuvuta, iko wapi? Malalamiko hayo ni ya haki na tunayapokea. Nayajibu kwa Kiswahili kwa sababu dereva wa trela aliyetoka Mombasa, kondakta wa taksi ya Iganga na askari wa zamu huelewana kwa lugha hii.

Brekdauni, ndugu zangu, mara nyingi iko nyuma yenu. Imekosa pa kupita.

Sehemu kubwa ya barabara ya Kampala hadi Jinja ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Lori likikatika eksili mlimani, linaziba upande mmoja tu. Upande uliobaki ukiachwa wazi, askari mmoja anaweza kupitisha magari kwa zamu, na jamu ikawepo lakini ikawa inatembea. Kisha taksi moja inatoka kwenye mstari. Basi linaifuata, nyuma yake magari madogo. Walio upande wa pili nao wanafanya vivyo hivyo, na baada ya dakika chache magari yamesimama pua kwa pua, safu mbili mbili, hakuna awezaye kurudi nyuma. Lori lile halikufunga barabara. Waliotoka kwenye mstari ndio walioifunga.

Tunaulizwa pia kwa nini foleni inabaki hata baada ya ajali kuondolewa. Tufanye hesabu ya mfano. Magari 10 yanafika kila dakika na njia imefungwa dakika 30: magari 300 yamesimama. Njia ikifunguka, tuseme inapitisha magari 15 kwa dakika, lakini mapya 10 bado yanaingia. Foleni inapungua magari 5 tu kwa dakika, kwa hiyo itachukua saa nzima kwisha. Ndiyo maana kila dakika tunayopoteza kusukuma safu ya pili irudi kwenye mstari ina gharama.

Kuna wanaodai tunachelewesha kuondoa magari makusudi ili tupewe kitu. Hili nimelieleza mara nyingi, nalieleza tena. Mtu akiumia vibaya au akifa, gari halivutwi mpaka askari achore mchoro wa eneo, apime alama za breki na kuandika maelezo ya mashahidi. Baada ya hapo gari hupelekwa kituoni na kukaguliwa na mkaguzi wa magari. Trela ikiwa na mzigo wa kupita kwenda Rwanda, Kongo au Sudan Kusini, kontena lina lakiri ya forodha. Hatuwezi kuikata wala kupakua mzigo bila ofisa wa Mamlaka ya Mapato, na anayekata lakiri bila idhini anatenda kosa la jinai, hata akiwa na nia njema. Ikiwa ni mkwaruzo tu na hakuna aliyeumia, pigeni picha pande zote nne, andikianeni namba za magari na bima, sogeeni pembeni. Kubishana katikati ya lami hakuongezi ushahidi. Mwenye shaka apige 999 au 112 aulize.

Ukiandikiwa faini ya papo hapo, una siku 28. Hulipwa benki kwa namba ya malipo ya serikali, haipewi askari mkononi. Usiyekubali kosa, una haki ya kwenda mahakamani.

Tenka likipinduka, tafadhali, ondokeni. Namungoona, Juni 2013, watu zaidi ya 30 waliteketea. Kigoogwa, tarehe 22 Oktoba 2024, moto uliwakuta watu wakichota mafuta na madumu yao. Mvuke wa petroli hauonekani. Unatambaa chini, na cheche ya pikipiki inatosha. Kila tunapofika kwenye tenka tunakuta wazazi na watoto wameshika madumu, na sijui niseme nini tena zaidi ya kuwasihi.

Kwa utingo nina ombi dogo. Gari likiharibika mnaweka matawi barabarani na jiwe chini ya gurudumu. Ni vizuri, ingawa pembetatu ya kuakisi mwanga huonekana mapema zaidi usiku, na iwekwe kabla ya kona, isiwe ndani yake. Lakini gari likipona mnapanda na kuondoka, jiwe linabaki. Kubwa kama kichwa cha mtu, rangi ile ile ya lami, limekaa pale anapopita mwendesha boda boda saa nane za usiku akiwa na taa hafifu. Lishushe mtaroni kabla hujapanda.

Na unayepiga simu, taja kwanza kituo cha biashara kilicho karibu na upande gari linakoelekea. Kisha sema limebeba nini na kama kuna mtu aliyebanwa ndani, maana hapo ndipo tunaamua kama tutume gari la kuvuta, winchi ya kunyanyua au zimamoto.