Magogo ya Greensted na Umri Wake

Anayetafuta kanisa la kale Uingereza huelekea kwenye mawe, lakini Kanisa la Mtakatifu Andrea la Greensted, jirani na mji wa Chipping Ongar katika jimbo la Essex, lina kuta za magogo ya mwaloni, na waumini wa parokia yake ya Kianglikana wangali wanasali humo. Kwa sisi tunaochunguza majengo ya mbao, kuta hizo hazina mwenziwe nchini humo.

Mafundi walipasua magogo katikati na kuyasimamisha wima, ubavu wa mviringo ukiangalia nje na ubavu bapa ukiangalia ndani, ambako alama za tezo bado zinaonekana. Kingo za kila gogo zilichimbwa mfuo, kisha ukapachikwa ubao mwembamba ulioingia katika magogo mawili yanayopakana, ili mvua na upepo visipenye. Sehemu ya altare, iliyojengwa kwa matofali mnamo mwaka 1500, na vidirisha vya paani ni nyongeza za baadaye.

Mjadala mkubwa umekuwa juu ya umri. Uchunguzi wa pete za miti, yaani miduara ya ukuaji wa kila mwaka ndani ya shina, uliofanywa mwaka 1960 ulitaja mwaka 845, jambo lililowafurahisha wengi, kwa kuwa mapokeo husema kwamba mwili wa Mfalme Edmund, mtakatifu aliyetawala Anglia Mashariki katika karne ya tisa, ulilazwa hapa mwaka 1013 ukirudishwa mji wa Bury St Edmunds kutoka London. Uchunguzi mpya wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa miti hiyo ilikatwa takriban kati ya 1063 na 1108. Muda huo ni mpana kwa sababu pete za nje kabisa, zile zilizo chini ya gome, zinapokosekana, mtaalamu hubaki kukadiria idadi yake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kama shoka lilishikwa kabla au baada ya Wanormani, wavamizi kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuingia mwaka 1066. Ila magogo haya hayakumpokea Edmund. Hata hivyo, chini ya sakafu ya altare zilipatikana dalili za majengo mawili ya mbao yaliyotangulia, hivyo mapokeo yenyewe nisingeyatupa.

Katika ukarabati wa 1848, ncha za chini zilizooza zilikatwa na magogo yakakalishwa juu ya msingi wa matofali. Wapo wanaoulaumu ukarabati huo. Mimi siulaumu, maana mwaloni ukigusana na unyevu wa ardhi huoza kuanzia chini, na matofali hayo ndiyo yaliyouzuia uozo usipande.