Je, wajua kwanini vineno vya Kiingereza vyenye Q bila U sisi tunavijua tayari?

Mtoto wa English medium hapa Mbeya mwulize herufi Q, anakujibu fasta "Q for queen", akiongeza la pili litakuwa question au quick, zote Q imeshikana mkono na U. Na madarasani wanakaza kabisa kwamba Q haitembei peke yake. Kwa maneno ya kila siku ni kweli, ila fungua kamusi kubwa ya Kiingereza kule kwenye Q uone, kuna vineno vifupi vifupi havina hiyo U pembeni: qi, qat, qadi, qibla, na vingine Q imejificha katikati au mwishoni, waqf, talaq, suq. Hebu visome kwa sauti. Kadhi, kibla, wakfu, talaka! Yaani mama wa Mwanjelwa ambaye Kiingereza kinampiga chenga anavielewa hivi kuliko kijana wa London.

Imekuwaje sasa? Tuanze na Waingereza wenyewe. Zamani sana Q hawakuwa na shughuli nayo, malkia walimwandika cwen na quick ilikuwa cwic. Mwaka 1066 Wanormani wakavuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, waandishi wao wakaja na uandishi wa kwao wa qu, na ile cw ikafa taratibu. Sauti ilibaki ileile ya "kw", kilichobadilika ni maandishi tu. Kwa hiyo Q ya Kiingereza ukiichunguza vizuri haina kazi yake yenyewe, K ingeweza kuibeba bila shida. Cheki neno queue, maana yake foleni, herufi tano ila inayosikika ni ya kwanza tu, hizo nne nyuma zimepanga mstari kama malori pale Mafiati. Halafu kuna quay, yaani gati, kama ile ya Itungi kule Kyela, hiyo wanaitamka "kii" tu na maisha yanaendelea.

Kwa hiyo ukikutana na Q ya Kiingereza isiyo na U jua mara nyingi ni neno la kuja, na wengi wa hao wageni wametoka Uarabuni. Kiarabu kina herufi mbili ambazo sikio letu linazisikia kama moja, kuna kaf ambayo ni K yetu hii ya kawaida, na kuna qaf inayotokea nyuma kabisa kooni. Mzungu alipoyaandika maneno ya Kiarabu kwa herufi zake alitafuta alama ya kuitenganisha qaf na kaf, na Q ilikuwepo haina kazi ya maana, akaichukua. Sisi maneno hayo hatukuyapata kwenye kamusi, tuliyapata kwa masikio, pwani kwenye biashara na dini na ndoa, yakapanda bara mpaka huku milimani, na midomo yetu ikaigeuza qaf ikawa K bila kuuliza mtu. Wazee wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliweza kuionyesha qaf, lakini alfabeti tuliyonayo leo haina Q wala X, basi alama yote ikafutika. Mfano mzuri ni kitabu na kalamu: kitabu kwa Kiarabu ni kaf, kalamu ni qaf, sisi wote tumewapa K. Rafiki, dakika, sanduku, wakati, haki, zote hizo asili yake ni qaf.

Suq ni soko, na neno letu soko lina asili hiyohiyo. Qat ni mirungi, Wakenya wanaita miraa, hii kwetu Tanzania ni marufuku kwa hiyo tuijue kwenye kamusi tu inatosha. Qanun ni kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu ya Zanzibar, kanuni, jina moja na kanuni za sheria.

Qi ndo tofauti, hiyo ni ya Kichina na inasomwa "chi", maana yake nguvu ya uhai inayozunguka mwilini. Wachina mwaka 1958 walipitisha rasmi mfumo wa kuandika lugha yao kwa herufi za Kilatini unaoitwa pinyin, na humo Q wakaipa sauti inayokaribiana na ch yetu. Wajapani neno hilohilo wanalitamka "ki", ndo ile ki iliyo katikati ya aikido.

Na kabla hatujamshangaa Mwarabu na Mchina, hapahapa Tanzania tunao Wairaqw wa kule Mbulu, jina la lugha yao lina Q bila U na sauti yenyewe inatoka kooni vilevile, japo Kiiraqw ni Kikushi na siyo Kiarabu. Mimi naona hii ndo ingefundishwa shuleni kabla ya hiyo queen.

Wanaokariri vineno hivi sana ni wacheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga vibao vya herufi. Q ipo moja tu na ina pointi 10, U zipo nne, zikishachukuliwa na wenzako unabaki na Q mkononi inakutazama. Hapo qi inakuokoa, vibao viwili pointi 11, ama qat ama suq. Ila Qatar na Iraq usithubutu kuziweka, majina ya nchi hayakubaliki, utaambiwa uzoe vibao vyako na zamu imekupita.